Mkwe Aliyeitaka Ngozi Yangu

Nilichunwa ngozi nikiwa hai, na aliyenichuna nilianza kwa kumwamkia shikamoo.

Akaitikia marahaba. Tena kwa tabasamu.

Najua wapo watakaosema naongeza chumvi. Sawa. Anayetaka kuuona mkono aje karakana, nipo kila siku, nawamba sofa kwa mkono mmoja na nusu.

Na wapo watakaouliza, tatuu ya nini kwa mtu mzima na akili zake? Hao nawaambia wasubiri. Hata mimi nilikuwa upande wao.

Mimi ni fundi sofa. Nabadilisha sponji, nakaza mikanda ya chini, nawamba vitambaa. Kazi yenyewe ni ya mikono: huu unavuta kitambaa, ule unapiga pini. Mkono wa kuvuta ukilegea, sofa inakunja uso kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Nilikuwa na mdogo wangu, tumbo moja. Mtaani walimwita Wino, maana tangu shuleni alikuwa akiwachora wenzake mikononi kwa kalamu mpaka walimu wakachoka kumchapa. Alipokua akapata mashine, akafungua kachumba ka kuchora tatuu.

Mama hakutaka hata kupita mbele ya mlango ule.

"Mnajichora kama ukuta wa choo!" alikuwa akisema. "Mungu aliishiwa rangi, akawaachia nyinyi mmalizie?"

Mimi nacheka, namuunga mkono mama. Kwangu tatuu zilikuwa mambo ya wahuni.

Lakini Wino alikuwa king'ang'anizi.

"Kaka, mtaa mzima nimeuchora isipokuwa wewe. Watu watasema hata ndugu yake haiamini kazi yake."

Nikampa mkono wa kushoto, ili anyamaze.

Akanichorea mbayuwayu. Kundi zima, wanaruka kutoka kifundo cha mkono kupanda hadi kwenye kiwiko, kila mmoja na mkao wake. Hakuwa na haraka. Leo wawili, siku nyingine mmoja. Yule wa mwisho akamwacha na bawa moja.

"Wiki ijayo namalizia," akasema.

Hiyo wiki ijayo ndiyo tuliyomzika. Homa ilimpanda kichwani, ikamaliza shughuli yake kabla daktari hajajua inaitwaje.

Basi mama, yule yule wa ukuta wa choo, akabadilika. Nikirudi kazini ananiambia, "Lete mkono." Ananikunja shati, anapitisha kidole kwa ndege mmoja mmoja. Akifika kwa yule mwenye bawa moja anashusha pumzi, kisha anauweka mkono wangu mapajani pangu polepole, kama anayemlaza mtoto. Anakwenda zake kupika.

Huo ndio mkono ninaouzungumzia.

Mwaka uliofuata nikapenda.

Alikuwa muuzaji wa duka la dawa lililopakana na karakana yetu. Nilikuwa naenda kununua plasta kila sindano ikinichoma. Ikafika mahali akaniuliza, "Wewe fundi, hivi kazi hujui au unajichoma makusudi?"

Nikamwambia ukweli. Akacheka. Tukaanzia hapo.

Ndege wangu aliwapenda. Habari za Wino nilimsimulia zote. Tulipofika kwenye mambo ya ndoa akaniambia kwao amebaki na baba tu, mama yake alishafariki, na baba mwenyewe ana bucha.

"Baba ana maneno makali," akasema, "ila moyo wake mweupe. Siku ya kwanza vaa mikono mirefu."

Nikavaa. Jua la siku ile lingeweza kukausha samaki, lakini nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Nikamkuta mzee nyuma ya gogo la kukatia nyama. Aproni imelowa damu, kisu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Nishikie hili paja tulitundike."

Hakuna karibu, hakuna keti. Nikaingia nyuma ya kaunta, nikashika paja la ng'ombe, tukalinyanyua hadi kwenye kulabu. Damu ikanitiririkia ndani ya shati. Bila kufikiri nikakunja mkono wa shati ili nijifute.

Kisu chake kikasimama hewani.

"Hiyo nini?"

"Tatuu, mzee. Alinichora marehemu mdogo wangu. Ndiyo kazi yake ya mwisho."

Nilimwambia, jamani. Hilo naomba mlishike. Nilimwambia.

Akanishika mkono, akaugeuza huku na huku kama anayekagua kipande kabla ya kukiweka kwenye mizani.

"Mimi nachuna ngozi tangu sijaota ndevu," akasema. "Unajua ng'ombe gani huwekwa alama mwilini?"

"Sijui, mzee."

"Ng'ombe mwenye mwenyewe. Anawekwa alama ili akipotea ajulikane ni wa nani, arudishwe. Sasa wewe ni wa nani, nikurudishe?"

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri maini alicheka mpaka akashika ukuta.

Na mimi nikacheka. Mtu akikuvua nguo mbele za watu, na wewe unamtaka binti yake, unacheka.

"Binti yangu haolewi na mtu aliyechorwa chorwa," akasema, safari hii bila utani. "Itoe. Ikitoka, lete wazee wako tuzungumze."

"Mzee, haitoki. Hii ni ya maisha."

"Kila kilicho kwenye ngozi kinatoka," akasema, akarudi kwenye gogo lake. "Inategemea utakwenda chini kiasi gani."

Akapiga shoka. Mfupa ukaachana.

Nilipomsimulia mchumba wangu, aliniacha nimalize, kisha akaanza kupanga chupa za dawa ya kikohozi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mkono ni wako."

"Nikikataa?"

Akanitazama kidogo. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Fanya unaloona sawa," akasema.

Mimi na akili zangu za mapenzi nikasikia: fanya.

Karakana niliwaambia wenzangu. Kila mtu akawa na lake. Mmoja akasema mzee yuko sahihi, tatuu inamnyima mtu heshima, hata kazi za maana hupati. Mwingine akasema mwili ni nguo ya Mungu, usiutie kiraka. Fundi mbao, mtu wa maneno machache, akapuliza vumbi kwenye randa yake.

"Leo anataka mkono," akasema. "Muulize kesho atataka nini."

Sikumuuliza.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye saluni. Mbele alikuwa anasuka. Nyuma ya pazia alikuwa anatoa vitu: alama, vinundu, weusi wa watu wasioupenda weusi wao. Dawa yake ilikaa kwenye chupa isiyo na jina.

"Hii inatolewa kidogo kidogo," akaniambia. "Unakuja, unapona, unarudi. Miezi."

"Sina miezi. Nataka zote leo."

Akauvuta mkono wangu karibu na dirisha. Akawaangalia wale ndege muda mrefu.

"Kaka, aliyechora hapa alikuwa fundi. Una uhakika?"

"Ninao."

Akanipa taulo ning'ate.

Sitawasimulia yote. Niseme tu kwamba mbayuwayu hawakufutika. Walivimba kwanza. Wakapanuka, wakawa wanene, kama wanataka kunyanyuka waondoke kabla hawajafikiwa. Halafu ngozi ikawa nyeupe, ikawa kahawia, na chumba kikaanza kunuka bucha.

Alipofika kwenye kiwiko akasimama.

"Na huyu mwenye bawa moja?"

Nikatikisa kichwa juu, chini. Taulo lilikuwa mdomoni.

"Na yeye?"

Nikatikisa tena.

Kabla wiki haijaisha mkono ulikuwa umevimba kama gogo na unanuka. Nikapelekwa hospitali nikiweweseka. Wakakata nyama iliyooza, wakachukua ngozi ya pajani wakaibandika mkononi. Nilipozinduka, kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimegoma kukunja. Mpaka leo vimegoma.

Muuguzi wa wodini, aliyenisikia nikiweweseka, alikuwa na mdomo mchafu, ila ndiye pekee aliyesema kweli.

"Kaka, tatuu haijawahi kumlaza mtu hapa. Wanaolaza watu ni wapenzi."

Mama nilimwambia gundi ya sofa ilishika moto karakana.

Ningemwambiaje? Alikaa kando ya kitanda changu, akanilisha kwa kijiko kama kinda. Alilia mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili. Alimuuliza daktari swali moja tu.

"Na wale ndege?"

"Mama, tushukuru mkono upo," daktari akamjibu.

Akashukuru. Mama yangu akashukuru.

Nilipotoka, mchumba wangu ndiye aliyekuwa akinisafisha kidonda. Anakuja baada ya kufunga duka, anafungua bandeji taratibu, na machozi yanamdondoka mpaka inabidi ajifute kwa bega.

"Nisamehe," anasema kila mara.

"Wewe umenikosea nini?"

Anaendelea kufunga.

Nikawa najiambia, nimepata mke. Mwanamke anayelia kwa maumivu yako, unataka nini tena?

Mkono ulipokauka tukapanga siku. Kwa upande wangu tukaenda na mjomba, ndugu yake mama, ndiye msemaji. Na mama mwenyewe akavaa gauni lake zuri, akajipaka mafuta, akawa kama amerudishiwa miaka kadhaa.

Nilimpigia mzee mapema. Nikamwambia mkono uko safi.

"Vizuri," akasema. "Njoo nao."

Sebule yao ilikuwa na sofa nzuri. Kazi ya mtu, nikaona. Mzee kaoga, kavaa shati jeupe, huwezi kudhani ni yule wa aproni. Pembeni yake shangazi wa binti, mwanamke mnene mwenye kupenda kucheka. Binti akaleta soda, akaweka mezani, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Hakunitazama.

Mjomba akaanza kwa salamu ndefu, akazunguka, akatia utani, akafika kwenye hoja. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kabla sijajibu," akasema, "kijana niletee mkono."

Nikainuka. Nikapiga goti mbele yake, nikakunja shati.

Sikumtazama mama. Nilikuwa najua akiutazama mkono ule bado anauma meno.

Mzee akapitisha dole gumba juu ya kovu, akabonyeza hapa na pale. Ile ngozi ya pajani ilikuwa inang'aa kama karatasi ya nailoni.

"Umeitoa kweli."

"Ndiyo, mzee."

"Ilikuwa imechorwa na nani?"

"Na marehemu mdogo wangu."

"Siku ile uliniambia hivyo?"

"Nilikuambia."

"Na kwa kuwa nilikuambia uitoe, ukaitoa."

Hapo ndipo nikasikia kiti cha mama kikilia nyuma yangu.

"Ametoa nini?" mama akauliza. "Si gundi?"

Mzee alikuwa bado ameshika mkono wangu.

"Mimi nina binti mmoja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionitisha. "Nilitaka kujua nampa mtu wa namna gani. Tatuu haikunihusu. Nyama ninayouza ina mihuri kila siku, na watu wanakula. Nilitaka kuona utaniambia nini. Ulikuwa na neno la kuniambia. Mzee, huyu ni ndugu yangu, simtoi. Maneno sita tu. Ukashindwa."

"Mzee," mjomba akasema, "lakini si ulimwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia. Sikumshika mkono."

Akaniachia.

"Umemfukuza marehemu ndugu yako kwa ajili ya muuza nyama uliyemwona siku moja. Kesho akija mwenye sauti kubwa kuliko yangu akakuambia umfukuze binti yangu, utaanza kwa kumuuliza umtolee mlango wa mbele au wa nyuma. Nendeni salama. Soda mnaweza kumaliza."

Hakuna aliyemaliza soda.

Mama alikuwa amesimama. Nilidhani atamrukia mzee. Nilitamani amrukie. Lakini alikuwa ananitazama mimi.

"Nilikulilia," akasema. "Pale wodini nililia mpaka nikakosa sauti. Nirudishie machozi yangu."

"Mama..."

"Nirudishie. Hayakuwa yako. Yalikuwa ya mtu aliyeungua."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Mjomba akamfuata mbio.

Nikabaki nimepiga goti kama mpumbavu. Nilipofika kwenye geti binti akanikimbilia, ananiita kwa lile jina la mapenzi ambalo sitaliandika hapa.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akainamisha kichwa.

"Ulijua ni mtihani?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Baba aliniambia nikikudokeza hata kwa jicho, mimi si mwanawe."

"Ukanifunga vidonda unajua?"

"Nilikuwa namwomba Mungu ukatae," akasema huku analia. "Kila siku nilikuwa naomba ukatae. Kwa nini hukukataa?"

Dah.

Yaani mtu anakuangalia unatembea kuelekea shimoni, anafunga mdomo, halafu ukishatumbukia anakuuliza kwa nini hukuruka.

Nikaondoka zangu.

Nyumbani mama hakunitenga. Ingekuwa nafuu angenitenga. Ananipikia, ananiuliza kama nimekula, nikiumwa ananipeleka hospitali. Lakini mkono hajauomba tena. Nikivaa shati la mikono mifupi anahama chumba.

Kwa muda mrefu niliamini yule mzee alikuwa katili lakini ana haki. Ndicho kilichoniuma zaidi. Mtu akikuumiza kwa uonevu, unalala ukimtukana. Akikuumiza na ana hoja, unalala ukijitukana mwenyewe. Nilijitukana kila nilipovuta kitambaa na kikanichomoka kwa vile vidole viwili. Nilijiambia, mzee aliona ndani yangu kitu ambacho mimi sikukiona. Alinipima, nikapungua.

Sasa sikieni.

Juzi nipo karakana, mlangoni akaingia yule shangazi mtu, ameleta kiti cha kubadilisha kitambaa. Aliponitambua akataka kurudi nyuma, lakini kiti kilikuwa kimeshashushwa.

"Karibu, mama," nikasema. "Kazi ni kazi."

Akakaa. Akazunguka maneno, akashindwa kujizuia. Watu wanaopenda kucheka hawajui kukaa na jambo.

"Mwanangu, nikuambie kitu. Yule binti alipata mwingine."

"Hongera zake."

"Subiri. Dereva wa malori, kijana mzuri, ana tundu la hereni sikioni. Kaka yangu akamwambia nenda kashone hilo tundu, ndipo uje na wazee."

Nikaacha kupima kiti.

"Akashona?"

"Akashone wapi! Alimwambia kaka yangu usoni, mzee sikio ni langu, nimekuja kuposa, sikuja kufanyiwa upasuaji. Mimi moyoni nikasema, haya, huyu amepita. Ndiye anayetakiwa."

"Na mzee?"

"Alimfukuza!" Akapiga makofi. "Alimfukuza na shoka mkononi. Anasema kijana hana adabu, hasikii wakubwa, ataenda kumpanda binti yake kichwani. Na unajua alisema nini tena? Alisema, yule fundi sofa angalau alikuwa msikivu."

Sikumbuki nilikaaje chini. Nakumbuka nilikuwa nimekalia sponji, na mwenzangu fundi mbao amezima mashine ananitazama.

Msikivu.

"Yule hana jibu analolitaka," shangazi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mke wake alipokufa, huyu mtoto ndiye aliyebaki wa kumpikia. Hamtoi kwa yeyote. Ameshamwachisha kazi duka la dawa, amemkalisha bucha, anapokea hela kwenye kidirisha. Ukipita utamwona."

Sijapita. Na sitapita.

Kiti chake nilikimaliza vizuri, kitambaa kimenyooka kama kioo. Pale vile vidole vibovu viliposhindwa kuvuta, nilivuta kwa meno.

Ndugu zangu, msiniulize kama tatuu ni nzuri au mbaya. Mama yangu alizichukia akaja kuzipenda, mimi nilizidharau nikaja kuililia moja. Mambo ya ngozi mtu anaweza kubadili mawazo yake. Chorweni, msichorwe, toboeni masikio, yaacheni, hilo halinihusu.

Ila wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Mimi naongeza langu: atakuambia toa. Toa mchoro, toa hereni, toa rafiki, toa ndugu. Utatoa mpaka ubaki nyama tupu mbele yake, na hapo ndipo atakuambia hali nyama ya aina hiyo.

Aliyekwishakukataa moyoni hakosi sababu. Mwachie sababu zake. Ngozi ondoka nayo.